Alikuja Mara Tatu

Nimekuwa nesi kwa miaka ishirini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo nimeitumikia zahanati moja ya serikali upande wa Gerezani, mahali ambapo harufu ya oili chafu kutoka kwa mafundi magari huingia dirishani asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Nimechanja watoto ambao sasa wananiletea watoto wao. Nimefunga vidonda vya watu waliokatwa na mabati, nimewashika mikono wengine wakikata roho huku tunasubiri gari. Mengi nimeyasahau, na nashukuru kuyasahau. Kuna msichana mmoja sijawahi kumsahau, ingawa nilipoulizwa mbele yake kama namkumbuka, nilisema simkumbuki.

Nilipohamia pale tulikuwa manesi watatu. Kulikuwa na tabibu mmoja, ambaye wagonjwa wote walimwita daktari, mhudumu mmoja wa usafi na kazi ndogondogo, na mtu wa maabara aliyekuja siku tatu kwa wiki. Ikama, yaani idadi ya watumishi ambayo serikali yenyewe imepanga zahanati iwe nayo, ilitaka tuwe wengi zaidi, lakini sisi tulishazoea kuiona karatasi ile ukutani kama kalenda ya mwaka uliopita. Watatu tulitosha kwa kubanana. Mmoja alikaa na wajawazito, mmoja na watoto wa chanjo, wa tatu alizunguka kusaidia palipozidiwa.

Aliyezunguka ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alizaliwa Kariakoo kwenye ukoo wa Waarabu, baba yake akiuza karafuu, iliki na mchele, na hakuwahi kuhama mtaa aliozaliwa. Alivaa ushungi mweupe uliopigwa pasi mpaka ukasimama wenyewe. Vijana walimwita Bibi Nesi, naye aliitika. Yeye ndiye aliyeanzisha chumba cha vijana.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, nyuma ya jengo, zamani kikiwekewa mifagio na ndoo. Alichokipendea ni mlango. Kilikuwa na mlango wake uliofungukia uchochoroni, kwenye mafundi wa rejeta za magari, kwa hiyo msichana angeweza kuingia bila kupita mbele ya benchi la akina mama. Jumatano na Ijumaa kuanzia saa tisa alasiri, shule zikishatoka, mlango ule ulikuwa wazi na pazia limeshushwa. Walikuja wanafunzi waliofunika nembo za shule kwa mitandio, wasichana wa kazi za ndani waliotumwa sokoni wakapitia, wauza maduka waliobakiza dakika kumi za chakula. Karibu wote walianza kwa kusema kichwa kinauma.

"Pole mwanangu," Bibi Nesi angesema. "Na zaidi ya kichwa?"

Kisha angenyamaza. Alijua kunyamaza bila kumtisha mtu. Mimi nilikuwa nikikaa naye Ijumaa nikipanga kadi, na kwake nilijifunza kwamba swali moja na muda wa kungojea jibu ndiyo huduma yenyewe. Vidonge, sindano na kondomu vilikuja baadaye, kwa anayevihitaji. Wengine walihitaji tu mtu mzima wa kuwaambia kwamba kukataa kunaruhusiwa.

Siku moja alikuja mama mmoja amefura.

"Nyie ndio mnaowafundisha watoto wetu uhuni," alisema, bado yuko mlangoni.

Bibi Nesi alimvutia kiti. "Kaa kwanza, mama. Wewe ulifundishwa na nani?"

"Kufundishwa nini?"

"Mambo ya mwili wako. Nani alikukalisha chini akakueleza?"

Yule mama alifikiri. "Hakuna mtu."

"Ukazaa ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka.

Alikaa karibu nusu saa. Wiki iliyofuata binti yake alikuja peke yake, akasema ametumwa na mama.

Kisha Bibi Nesi akafikisha miaka sitini, akastaafu. Tulimfanyia hafla kwenye korido, soda na keki na kitenge cha kumfunika mabegani, na mgeni aliyetoka ofisini alituahidi kwamba mbadala wake yuko njiani. Nilimwamini. Kwa wiki kadhaa kila nilipomwona mwanamke mwenye begi akiulizia zahanati, moyo wangu uliruka. Miezi minane baadaye nesi mwenzangu naye akapata barua ya uhamisho. Alipelekwa kituo cha pembezoni mwa jiji ambako hakukuwa na nesi hata mmoja, na mtu mwenye akili timamu hawezi kulalamikia hilo. Nikabaki mimi.

Watu wakisikia nimebaki mimi wanadhani kazi yangu iliongezeka mara tatu. Haikuwa hivyo, maana siku haikuongezeka saa. Kilichotokea ni kwamba kazi iliyopiga kelele ndiyo iliyofanyika. Mtoto mwenye homa analia. Mjamzito anayetokwa damu anaonekana na kila mtu. Mwenye kidonda anachafua sakafu. Msichana mwenye swali hapigi kelele yoyote. Anakaa, anaangalia viatu vyake, na usipomgeukia ananyanyuka na kwenda zake.

Nilijaribu kukifungua chumba Ijumaa za mwanzo. Ijumaa ya tatu nilikuwa nimekaa na wasichana wawili, mmoja ameanza kuzungumza, mhudumu akaja mbio kuniita kwamba kuna mtoto ana degedege mbele. Niliwaambia wasubiri. Niliporudi nilikuta kiti kimoja kimeanguka na wao hawapo. Baada ya hapo yakaletwa maboksi ya vyandarua, hakukuwa na pa kuyaweka, nikasema wayaweke mle kwa siku chache. Yalikaa mwaka mzima.

Wakati huohuo nilikuwa na ushahidi mezani kwangu bila kujua kwamba ni ushahidi. Kwenye rejesta ya wajawazito kuna safu ya umri. Niliijaza mimi kila wiki. Kumi na saba. Kumi na sita. Kumi na saba. Zamani nilikuwa nikiandika umri wa namna hiyo mara mojamoja na mkono unasita. Sasa ulikuwa unaandika wenyewe. Sina hesabu za kitaalamu na si mtafiti, nasema nilichokiona kwa macho yangu na kukiandika kwa kalamu yangu. Alikuja afisa mmoja kutukagua, akafungua rejesta, akapitisha kidole.

"Hawa mabinti wamekuwa wengi," alisema.

"Chumba cha vijana hakifanyi kazi," nikamwambia. "Hakuna mtu wa kukaa mle."

"Wewe je?"

Nikamwonyesha benchi. Aliliangalia, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Alipoondoka nilisoma alichoandika kwenye kitabu cha ukaguzi: elimu kwa jamii iongezwe.

Na manesi walikuwepo mjini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Jumamosi moja nilisimama Kariakoo kwenye kibanda cha vifuniko vya simu, na binti aliyekuwa akiniuzia akaiona saa ya manesi niliyoisahau kifuani. Akaniambia yeye ana diploma ya uuguzi, amemaliza miaka mitatu iliyopita, anangoja ajira. Nilipomweleza hali yetu alisema, "Mama, nipeleke. Nitajitolea hata bure, nisije nikasahau kazi." Tukaandika barua ya kumwombea kibali. Barua haikujibiwa, tukaandika nyingine. Niliacha kupita karibu na kile kibanda.

Ndipo alipokuja msichana ninayetaka kumweleza.

Alikuja mara ya kwanza Jumanne, siku ya kliniki ya watoto. Alikuwa kidato cha tatu, amevaa sare, sweta limefungwa kiunoni. Nilimjua kwa sura, kwa sababu mama yake ana duka la jumla la vitenge Kariakoo, watu wa Kilimanjaro, familia ya kanisani, na mimi mwenyewe nimewahi kununua kwao. Alikaa mwisho wa benchi. Mama aliyekaa kando yake alimgeukia. "Wewe si mtoto wa mama wa vitenge? Unaumwa nini?" Akasema kichwa. Nililisikia jibu lile nikiwa na bomba la sindano mkononi.

Meza yangu wakati huo ilikuwa koridoni, mbele ya benchi, kwa sababu nilipima uzito, nikaandika kadi na kuchanja bila kuinuka. Zamu yake ilipofika alisimama kama anayesomewa shitaka hadharani.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Unasumbuliwa na nini?"

"Kichwa."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

Nilimwangalia na nikajua. Watu waliokaa na Bibi Nesi kama nilivyokaa mimi hawawezi kusema hawakujua. Lakini nyuma yake kulikuwa na watoto wanalia na mama zao wananiangalia. Nikashusha sauti. "Njoo Ijumaa mchana. Nitatafuta nafasi, tutaongea mimi na wewe." Uso wake ulilegea, akatabasamu kidogo. Nilimpa panadol nne kwenye karatasi, akashukuru, akaondoka.

Ijumaa asubuhi nililetewa ujumbe kwamba timu ya chanjo imepungukiwa mtu, niende shule ya msingi kuchanja. Nilimkumbuka yule msichana nikiwa ndani ya bajaji, kasha la chanjo mapajani. Nikasema nitampigia mhudumu nikifika, amwambie anisubiri. Nilipofika, watoto walikuwa wamepangwa mistari uwanjani juani, na simu nikaisahau kwenye pochi. Jioni mhudumu aliniambia kuna mwanafunzi alikuja.

"Nikamwambia nesi hayupo, njoo wiki ijayo. Akaniuliza wiki ijayo siku gani. Nikamwambia siku yoyote."

Siku yoyote ikawa Alhamisi ya wiki ya pili. Daktari alikuwa semina. Tulikuwa mimi na mhudumu tu, na watu wamejaa mpaka nje. Msichana aliingia saa nne, na saa nne mwanafunzi anapaswa kuwa darasani, kwa hiyo alikuwa ametoroka. Hakukaa kwenye benchi. Alikuja moja kwa moja mezani, akainama.

"Mama, uliniambia tutaongea."

"Unaona hali ilivyo hapa?" nilisema. "Subiri huko."

Nililisema kwa ukali. Nilikuwa sijanywa hata chai na mtu fulani alikuwa amenitukana dakika chache kabla, lakini ukali wenyewe ulimfikia yeye. Alirudi nyuma akasimama ukutani. Saa tano nilimwona yupo, na saa sita pia. Kisha akaletwa mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, nikaingia naye ndani, na mpaka tulipompakia kwenye gari kwenda hospitali ilikuwa saa nane. Nilipotoka, pale ukutani alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye kikohozi. Nakumbuka nilichohisi, nami nitakiandika kama kilivyokuwa. Nilishusha pumzi. Niliona mtu mmoja amepungua kwenye foleni.

Hakurudi tena.

Ilipita karibu miezi tisa. Siku moja asubuhi mama wa vitenge aliingia amemshika binti yake kifundo cha mkono. Msichana alikuwa amevaa gauni pana la kanisani, siku ya kazi. Mwalimu wa malezi alikuwa amempigia mama simu. Niliwaingiza kwenye chumba cha wajawazito, nikafunga mlango, nikamlaza binti kitandani. Mkono wangu ulipogusa tumbo lake sikuhitaji kipimo. Miezi saba, labda na siku kadhaa. Alikuwa amejifunga kanga kwa kuikaza kila siku, na alama zake zilikuwepo mbavuni. Nikampima presha. Ilikuwa juu, nikarudia, ikawa juu vilevile. Miguu ilikuwa imevimba, na mkojo ulionyesha protini. Hakuwahi kupimwa hata mara moja, na presha ya namna ile inataka kuonekana mapema.

Mama yake alisimama kando ya kitanda akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alimuuliza binti yake kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei.

"Zahanati iko hapa, karibu na nyumbani. Hukuweza kuja kuuliza, hata mara moja?"

Msichana aligeuza uso, akaniangalia mimi.

Mama akaufuata ule mtazamo. "Dada, huyu aliwahi kuja hapa?"

Nilikuwa nimeshika kalamu ya kuandikia rufaa. Nilisema, "Wanakuja wengi." Halafu, kwa kuwa mama alikuwa bado ananiangalia, nikaongeza, "Simkumbuki."

Yule msichana angeweza kunikosoa. Angeweza kusema, "Nilikuja mara tatu, huyu nesi ananijua." Alishusha macho sakafuni akaanza kuvaa viatu, na viatu havikuingia kwa sababu ya uvimbe, nami nikapiga magoti nikamsaidia. Nilifunga kamba zake bila kuinua uso.

Hospitali kubwa walimlaza siku hiyohiyo. Siku ya tisa presha ilikataa kushuka, wakamfanyia upasuaji kumtoa mtoto. Alikuwa wa kiume, kilo moja na robo. Mama yake alikuwa na namba yangu ya simu kutokana na ile rufaa, akanipigia kuniambia amezaliwa na analia. Siku mbili baadaye akanipigia tena asubuhi. Alisema mtoto amefariki usiku.

Baba wa msichana alikataa mtoto asafirishwe kwenda kuzikwa nyumbani Kilimanjaro. Alisema mtoto hana ukoo. Kijana aliyehusika, dalali mmoja wa vipuri vya magari, alikuwa ametoweka wiki ileile shule ilipotoa taarifa, na hakuna aliyemwona tena. Basi mtoto akazikwa kwenye makaburi ya hapahapa mjini, siku ya kazi mchana. Tulikuwa watu wanane pamoja na wachimbaji. Bibi yake, mama wa vitenge, alikuja amemfunga kwenye kitenge kipya, kimekunjwa vizuri kama mzigo unaopelekwa kwa mteja wa heshima, na hakutaka mtu mwingine ambebe. Katekista alisoma sala fupi. Mama mtoto hakuwepo. Alikuwa bado wodini, dripu mkononi, na ilikuwa wiki nzima kabla hajaruhusiwa kusimama.

Nilirudi kazini kesho yake. Nilichanja, nilipima, niliandika. Kila aliyenijia kunipa pole kwa uchovu nilimwambia yaleyale: niko peke yangu, watumishi hakuna. Na ilikuwa kweli. Nilipoona naanza kuipenda sentensi ile, nilikwenda kwa Bibi Nesi.

Alikuwa anaishi ghorofani Kariakoo na mtoto wa dada yake. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kushoto, lakini maneno yalikuwa yake bado, yakitoka polepole. Nilimsimulia kila kitu tangu ile Jumanne. Alinisikiliza hadi mwisho, na chini barabarani wapiga debe wa maduka walikuwa wakiita watu kwa vipaza sauti.

"Ulikuwa peke yako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Tungekuwa watatu, mmoja wetu angetoka akaenda kukaa naye."

"Ndiyo."

Alinyamaza kile kimya chake. Nilidhani amemaliza.

"Lakini uliposema humkumbuki," alisema, "hapo palihitajika watumishi wangapi?"

Nililia pale kwake kama mtoto. Hakunibembeleza. Alimwita mtoto wa dada yake aniletee maji, akaniambia ninywe, kisha niende dukani kwa yule mama.

Sikwenda siku ile. Nilikwenda baada ya siku nne, na mara mbili nilifika mtaa wenyewe nikarudi. Mama wa vitenge alikuwa amesimama nyuma ya kaunta akiwakatia wateja pea mbilimbili. Aliponiona alimwambia msaidizi wake ashike kazi, akanipeleka kwenye stoo nyuma, tukakaa juu ya marobota.

"Dada, nilikudanganya," nikasema. "Binti yako alikuja. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza niliona ana jambo, nikampa ahadi. Mara ya pili sikuwepo. Mara ya tatu nilimfokea."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeshukuru.

"Mara tatu," alisema.

"Mara tatu."

"Mimi kila Jumamosi alikuwa hapa dukani na mimi. Asubuhi mpaka jioni, tumekaa kama hivi. Hakuniambia kitu." Alipangusa vumbi kwenye robota kwa kiganja, mara moja, mara mbili. "Kwako alikuja mara tatu. Kwangu hakuja."

Alisimama akasema wateja wamejaa. Pale mlangoni aliniambia nisije tena dukani kwa muda, na kwamba siku akiweza kuniona bila kukumbuka atanipigia simu. Hajapiga mpaka leo, na sidhani kama atapiga.

Shule ilikuwa tayari kumpokea msichana, maana siku hizi utaratibu unaruhusu. Alirudi muhula mmoja. Nilisikia kwamba hakuna aliyemfukuza wala kumtukana, ila kila alipoingia darasani mazungumzo yalikatika, na akaanza kubaki nyumbani. Sasa anauza duka pamoja na mama yake. Kwetu, baada ya barua nyingi, tuliletewa nesi mmoja mwaka jana. Vyandarua vimetolewa. Tunafungua chumba cha vijana Ijumaa tu, na Ijumaa nyingine hatufungui.

Nilikutana na yule msichana mara moja, Mnazi Mmoja, nikivuka kuelekea mjini kupeleka ripoti. Alikuwa amebeba sampuli za vitambaa kwenye mfuko. Yeye ndiye aliyeniona kwanza, na alinisimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nilitaka kusema maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu siku ya mazishi, na hayakuja hata moja. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu."

"Mama aliniambia ulikuja dukani." Alihamisha mfuko mkono wa pili. "Siku zile nilizokuja, nilikuwa bado sina mimba. Nilitaka kuuliza tu. Yule kijana alikuwa ananiambia hakuna kitakachotokea, na mimi nilikuwa sina wa kumuuliza kama ni kweli."

"Najua."

"Nilivyosimama pale ukutani nilijisemea, wakibaki wawili mbele yangu nitaingia. Kila wakibaki wawili, anaongezeka mwingine."

Watu walikuwa wanatupita pande zote mbili, wengine wakitugonga mabega. Nilimuuliza afya yake, akasema presha ilishuka, haijarudi. Nikamwambia aje apimwe mara kwa mara, aje wakati wowote, nami nilipojisikia nikisema wakati wowote nikanyamaza.

"Pale makaburini ulikuwepo," alisema. "Mama alinihadithia. Mimi sikumwona akizikwa."

"Nilikuwepo."

"Nilimpa jina. Sijamwambia mtu."

Alinisogelea akanitajia sikioni. Lilikuwa jina fupi, la kawaida, ambalo ukiliita Kariakoo vijana kumi watageuka. Nikamwambia ni jina zuri. Akaitikia kwa kichwa, akasema mama yake anasubiri sampuli, akaniaga kwa adabu, akavuka barabara.